Mgonjwa wa Tatu

Nitaanza na mazuri ya yule mtaalamu wa fiziotherapia, maana ni ya kweli, na ndiyo yanayoniudhi zaidi. Alinifundisha upya kushika kijiko. Alinisimamisha wakati mguu wangu wa kulia ulikuwa kama gunia. Alinirudishia maneno mdomoni, moja moja, kwa ukali wa mwalimu wa darasa la kwanza. Haya yote nayakubali. Hata hivyo nikikutana naye koridoni leo simsalimii, na yeye hanisalimii.

Mie ni muuguzi. Nafanya kazi katika hospitali moja upande wa Temeke na naishi Kinyerezi, kwenye nyumba niliyoijenga kidogo kidogo hadi ikapata bati. Siku moja nikitoka zamu ya asubuhi, pikipiki ilinigonga nikivuka barabara, nikaangukia kichwa kwenye ukingo wa mtaro. Walinipasua kuondoa damu iliyokuwa imevilia. Nilipozinduka, mkono wa kulia haukunitii na maneno yalikuwa yametawanyika. Si kwamba sikujua ninachotaka. Nilijua. Nikitaka maji, najua kabisa ni maji, lakini mdomoni linatoka neno "sahani". Blanketi, sahani. Dirisha, sahani. Dada yangu nilikuwa namwita "mkaa", na akikasirika namwita "mkaa" kwa sauti zaidi, nikidhani ndivyo nitakavyoeleweka.

Huyo dada ni mkubwa wangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Tumetoka bara, yeye ndiye alitangulia Dar, na amekuwa akiuza ndizi za kupika sokoni Tandale tangu mie nikiwa shuleni. Nilipotoka wodini aliiacha meza yake kwa mwenzake, akafunga nguo zake kwenye kitenge, akaja Kinyerezi kuniogesha. Aliniogesha kama anavyoosha ndizi: kwa haraka, bila huruma, na hakuna sehemu aliyoiruka.

Mtaalamu yule alikuwa akija nyumbani kunifanyisha mazoezi kwa sababu nilikuwa mtumishi mwenzake. Ni wa rika langu, mwembamba, anavaa saa kubwa kuliko mkono wake. Alikuwa ananiita Sista hata siku ambazo nilikuwa sijui kwamba mie ni Sista. Kazi ya kurudisha lugha haikuwa yake hasa, lakini mtu wa kazi hiyo hatukuwa naye, kwa hiyo aliifanya yeye. Ananyanyua kitu, anauliza, "Hii ni nini?" Nikikosea anasema, "Tena." Nikilia anasema, "Tena." Simu yake aliiegemeza kwenye kikombe juu ya stuli, inanitazama. Mie simu hiyo niliiona kama nilivyoliona pazia. Ilikuwapo tu.

Nikapona, kwa kiasi ambacho watu wanaita kupona. Nilirudi kazini, wakaniweka kliniki ya watoto kwa kuwa waliogopa kunirudisha wodini. Maneno yalirudi karibu yote. Yanapotea nikichoka sana au nikipandwa na hasira, kwa hiyo nilijifunza kukasirika polepole.

Mkutano ule niliupata kwenye kundi la simu la wauguzi. Matroni alituma kiungo na maelezo mafupi: mkutano wa kitaalamu wa mtandaoni, mada ni utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wake, baada ya majeraha ya ubongo, washiriki watapata pointi za kuhuisha leseni. Nilikuwa nazihitaji pointi kama kila mtu. Lakini pia, niseme ukweli, nilitaka kusikia. Nilikuwa nimeugua ugonjwa ule kutokea ndani, na nilitaka kusikia wanaouangalia kutokea nje wanasema nini.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Dada alikuwa uani anamenya ndizi, redio yake imefunguliwa chini chini. Nilikaa sebuleni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, kamera nimeizima, jina langu nimeandika ufupisho tu. Joto lilikuwa la kukera. Tunaishi karibu na mitambo inayozalisha umeme wa nchi, lakini feni yangu siku hiyo ilikuwa imesimama kwa sababu umeme ulikatika tangu asubuhi.

Walianza wageni. Mama mmoja wa Ulaya alisoma karatasi yake bila kuinua macho. Akafuata kijana wa nchi jirani aliyeeleza vizuri jinsi familia zinavyochoka, hata nikatikisa kichwa kukubali peke yangu. Kisha mwendesha mkutano, mwanamke mwenye sauti laini, akamkaribisha yule mtaalamu wetu. Nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu ni wetu, na wamsikie.

Alizungumza Kiingereza. Alieleza kazi yake ya kuwafuata wagonjwa majumbani, kwa vifaa vya kawaida vya jikoni. Akamwonyesha mgonjwa wa kwanza, mzee, picha ya mkono tu. Wa pili alikuwa na mchoro wa maendeleo. Kisha akasema, "Mgonjwa wa tatu ni mwanamke, mtumishi wa afya," akabonyeza, na ukuta wa sebule yangu ukatokea.

Niliutambua ukuta kabla ya kujitambua mwenyewe. Rangi ya kijani niliyoichagua mie, na ufa ule pale kwenye swichi. Mbele ya ukuta alikaa mwanamke amenyolewa upande mmoja, kovu bado jekundu, udenda umemtoka hadi kidevuni. Khanga ilikuwa imeteremka begani, ziwa moja limeonekana nusu. Machoni walikuwa wamemwekea mstari mweusi kama mwizi aliyekamatwa.

Sauti ya yule mtaalamu ikasema ndani ya video, "Hii ni nini?" Ameshika chanuo.

"Sahani," mwanamke akasema.

"Tena."

"Sahani." Akaanza kulia. Mkono wake mzima ukapiga paja, unapiga, unapiga.

Nimekuwa muuguzi kwa muda mrefu. Sijawahi kumwacha mgonjwa bega wazi mbele ya mgeni, hata awe hajitambui, hata awe amekwisha kukata roho. Ndicho kitu cha kwanza tunachofundishwa: vuta shuka. Na pale nilipokuwa nimekaa, kwenye kochi langu, mkono wangu ulikwenda kwenye kioo cha simu kumfunika yule mwanamke. Nilikigusa kioo, video ikawa kubwa zaidi.

Pembeni watu walikuwa wanatuma alama za makofi. Mmoja akaandika kwamba anasubiri kuona matokeo ya mwisho. Kisha ukaja ujumbe kwangu peke yangu, kutoka kwa muuguzi mwenzangu wa wodi ya wazazi: "Sista, huyu si wewe?"

Nikawasha maiki.

Nilikuwa na sentensi nzuri kabisa kichwani. Nilitaka kusema: mimi ndiye huyo, sikuulizwa, iondoeni. Sentensi fupi. Ilifika kooni nzima, halafu hasira ikaipiga teke, ikavunjika.

"Toa," nilisema. "Toa hiyo... toa sahani. Mie ndo... sahani. Toa!"

Najua aliitambua sauti yangu. Niliona kwenye kile kidirisha chake kidogo, mabega yalishtuka. Angeweza kuzima. Angeweza kuniita Sista na kuniambia subiri. Hakunijibu mie. Aliwajibu wao, kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake ya ualimu: kwamba washiriki wamepata bahati ya kusikia moja kwa moja jinsi msongo wa hisia unavyoweza kurudisha tatizo la lugha hata kwa mgonjwa aliyefanikiwa sana.

Mtu mmoja akatuma makofi.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, ila halikuwa neno. Mwendesha mkutano akasema kwa upole, "Tunaomba washiriki wazime maiki zao," na maiki yangu ikazimwa kutoka huko huko kwao. Nikabonyeza kuifungua, haikufunguka. Nikaendelea kuwatukana wakiwa hawanisikii, wakati mwanamke wa kwenye ukuta wa kijani akiwa sasa amevalishwa gauni, anashika chanuo, na anasema "chanuo", huku watu wakimshangilia.

Dada aliingia mbio, kisu cha kumenyea kiko mkononi, vidole vimeshika utomvu. "Nini? Umeanguka?"

Nilimwonyesha simu. Aliinama akaangalia. Nilisubiri apige kelele kama mie, amlaani yule mtu kwa lugha ya kwetu, maana akilaani kwa lugha ya kwetu hata majirani wasioijua wanafunga madirisha. Hakulaani. Alisema, "Aa. Hii ndo ile."

"Ile ipi?"

"Ile aliyokuwa anarekodi. Aliniomba. Alisema ni ya kufundishia."

"Ukasemaje?"

"Nikasema sawa. Ningesemaje?"

Nilitulia. Nikasubiri maneno yakae sawa, moja nyuma ya jingine, maana kwake nilitaka yatoke yote. "Ulimpa mwili wangu," nikasema.

"Nilimpa nini?"

"Mwili wangu. Niko uchi, dada. Niko uchi, matroni ananiona, watu wa wodi nzima wananiona."

"Ulikuwa unaumwa! Mgonjwa ana uchi? Mie niliyekuogesha, niliyekutoa kinyesi kwa mkono huu, mbona hukusema uko uchi?"

"Wewe ni dada yangu. Wao ni nani?"

"Wao ndio waliokuponya!" Sasa na yeye alikuwa amepandisha. "Nimeacha meza yangu sokoni, wateja wangu wote wamechukuliwa na wenzangu, nimekaa huku porini Kinyerezi nakulisha uji, leo umepata mdomo unautumia kunitukana. Bora ulivyokuwa husemi."

Aliposema hivyo wote wawili tulisikia. Alifungua mdomo kama anataka kuyarudisha maneno. Sikumpa nafasi.

"Toka nyumbani kwangu," nikamwambia.

Hakubembeleza. Sie kwetu hatubembelezi. Alimaliza kwanza kumenya zile ndizi, akazitumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi, akanawa mikono kwa mafuta ya kula kutoa utomvu, akafunga kitenge chake. Mlangoni akasema, "Nyama iko kwenye sufuria, usisahau kuitia chumvi." Akaenda zake Tandale kwa binti yake.

Jumatatu niliwahi kazini. Sikwenda kliniki, nilikwenda moja kwa moja chumba cha mazoezi. Jumapili nzima nilikuwa nimeirudia sentensi yangu mbele ya kioo hadi ikawa haina hasira, imebaki maneno matupu. Alikuwa anamtembeza mzee mmoja kati ya vyuma viwili vya kushikilia.

"Sista, nipe dakika," akasema bila kugeuka.

Nikasubiri. Mzee alifika mwisho, akakalishwa kwenye kiti, nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Tukatoka nje kwenye veranda.

"Sikuulizwa," nikamwambia. "Sikuulizwa, na ulipoonyesha nilikuwa nipo, nikasema toa, hukutoa."

"Dada yako aliridhia, Sista. Macho nilifunika. Jina sikutaja. Utaratibu niliufuata."

"Dada aliridhia nikiwa sijui jina langu. Baadaye nikalijua. Nikarudi kazini. Tunapishana humu koridoni kila siku, tunakunywa chai kantini moja. Mbona hukuniuliza?"

Aliangalia saa yake. Aliangalia uwanjani, wanawake wanaanika mashuka ya hospitali. Nikadhani atatafuta uongo, na nilikuwa nimejiandaa kwa uongo.

"Ungekataa," akasema.

"Ndiyo. Ningekataa."

"Ndiyo maana." Na hapo akakasirika yeye, kama mie ndiye nimemkosea. "Unajua ni wagonjwa wangapi wanaletwa hapa wamekata tamaa? Wanamwona mtu kama wewe anapata nguvu. Wataalamu wanaiona kazi inayofanyika huku kwetu bila mashine. Wewe unafikiria bega. Bila mie, Sista, mpaka leo ungekuwa unaita kila kitu sahani."

Nilihisi neno linaanza kuteleza. Nikashika nguzo ya veranda. Nikavuta pumzi kama alivyonifundisha yeye mwenyewe, nikalisubiri mpaka likarudi.

"Ni kweli," nikasema. "Na ulipwe shukrani. Nilikushukuru, nilikuletea mkungu wa ndizi hadi kwako, mkeo aliupokea. Lakini hukuninunua."

Akanicheka. Si kicheko kikubwa, pumzi tu ya puani. Akasema, "Nenda kwa matroni basi," akarudi ndani kwa mzee wake.

Nilikwenda. Matroni alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba yule kaka ameipa hospitali sifa, na tusiaibishane mbele ya wageni. Nikamuuliza kama angependa ile iwe video yake. Alipiga simu, akaongea na waandaaji, na baada ya muda wakakata kile kipande kwenye kumbukumbu ya mkutano. Barua ya kuomba radhi haikuja. Nani aliiona kabla haijakatwa, nani aliihifadhi, sitajua. Kuna siku nakutana na muuguzi kijana wa idara nyingine, ananitazama mara mbili, na najua anachokitafuta usoni pangu.

Idara iligawanyika. Waliosema ninajikweza walikuwa wengi. Dereva mmoja wa gari la wagonjwa aliniambia wazi kwamba mtu aliyekurudishia mguu humshtaki. Kwenye chai watu walihamia meza nyingine, si kwa makusudi, ila walijikuta wamehamia. Nikanywa chai yangu peke yangu, na nikairudisha tabia ya kutia sukari nyingi.

Mara moja tu tulilazimika kufanya kazi pamoja. Mama mmoja kutoka Vingunguti alimleta binti yake kliniki, wa darasa la nne, ameanguka kwenye ngazi, kichwa kimefungwa bendeji na mguu mmoja unaburuta. Yule mtaalamu aliitwa. Alimwangalia mtoto vizuri, kwa mikono ile ile mizuri, akamtembeza hatua chache. Kisha akatoa simu mfukoni.

Nilisimama katikati. "Umemwomba?"

"Mama yake yupo hapa," akasema.

"Na yeye mwenyewe?"

Mama wa mtoto alituangalia kwa zamu, hajui amejikuta kwenye ugomvi wa nani. Yule mtaalamu alikaza taya. Kisha akachuchumaa, akamwambia mtoto, kwa sauti ya mtu anayesukumwa mgongoni, "Nataka nikurekodi unavyotembea, tuone wiki ijayo kama umeendelea. Nikurekodi?"

Mtoto alifikiri. "Na hii bendeji?"

"Na bendeji."

"Sitaki ionekane. Mama, nipe mtandio."

Mama akatafuta mtandio kwenye mkoba, akautoa, akaukung'uta, akamfunga polepole kwa kuogopa kidonda. Mtoto akauvua, akaufunga mwenyewe upya, kwa mtindo wake. Wakati wote huo mtaalamu alibaki amechuchumaa, simu mkononi, jasho linamtoka, hakunitazama hata kidogo. Alipokuwa tayari mtoto akasema, "Haya," na akaanza kutembea. Mie nikarudi kwenye sindano zangu. Hatukusemezana.

Dada alikaa Tandale kwa muda mrefu kabla hajaja. Alikuja Jumapili moja baada ya ibada, amevaa nguo za kanisani, amebeba kuku aliyefungwa miguu, kama mgeni. Alikaa kwenye ncha ya kochi. Tukaongelea kuku. Tukaongelea mvua. Kisha akasema, akiangalia ukuta wa kijani:

"Mie nilikuwa najua utakufa."

Kuku alipapatika sakafuni, nikamsogeza kwa mguu.

"Kila mtu ananiambia unaendelea vizuri, mie sioni. Nakuogesha kila siku, mtu unayemwogesha kila siku huwezi kuona kama amebadilika. Siku moja huyo kaka akaniita jikoni, akanionyesha video ya mwanzo, akanionyesha na ya juzi yake. Ndo nikaona unainua mkono. Nikakaa chini pale pale jikoni. Halafu akaniuliza kama anaweza kuwaonyesha wenzake. Ningemwambiaje hapana?"

"Ungeniambia mie baadaye. Nilipopata akili."

"Nilisahau."

"Hukusahau."

Alikunja mdomo. "Sawa, sikusahau. Niliogopa kelele zako."

Hilo nalo lilikuwa jibu lile lile la yule mtaalamu, kwa maneno ya nyumbani kwetu. Nilitaka kumwambia hivyo. Niliangalia mikono yake, kucha zimeingia weusi wa utomvu ambao haujawahi kutoka, nikashindwa kuchagua nimwambie lipi kati ya mambo mawili yaliyokuwa kooni, hilo au asante. Yote mawili yalikuwa kweli, na safari hii si ubongo ulioyazuia.

Siku hizi anakuja Jumapili kwa Jumapili. Amerudi kwenye meza yake sokoni, ingawa amepewa kona mbaya, karibu na mtaro. Hatujalimaliza. Yeye hajaniomba msamaha na mie sijampa. Jumapili iliyopita alikuwa anakatakata vitunguu jikoni, mie nasafisha mchele, akauliza bila kugeuka:

"Bado umenuna?"

"Bado."

"Haya. Nisogezee hilo sufuria. Saa kumi naondoka, foleni ya Tabata naijua."